Kukusanya Sarafu za Shaba za Kale Zenye Kasoro: Mwongozo Kamili wa Kupima Mvuto Wake

Weka mezani senti mbili kubwa za Marekani za mwaka 1803. Ya kwanza nywele za mwanamke aliyechorwa zinahesabika uzi kwa uzi, na utepe bado una mikunjo yake, lakini uso wote umejaa vitundu kama ganda la chungwa na rangi yake ni nyeusi ya masizi. Ya pili imelika. Nywele zimebaki mafungu matatu manne. Lakini uso wake ni laini, rangi yake ni hudhurungi yenye kung'aa kama mbegu ya ukwaju, na kasoro yake ni moja tu: ukingo umebonyea kidogo nyuma ya kichwa.

Anayeanza hukimbilia ya kwanza kwa sababu ina michoro mingi. Aliyezoea shaba huchukua ya pili, na akiiuza hapati tabu ya kupata mnunuzi. Kwenye shaba ya kale, hali ya uso hutangulia ukali wa michoro. Shaba huingiliana na hewa, jasho, udongo na moshi, kwa hiyo sarafu iliyopita mikononi mwa watu miaka mia mbili bila alama ni adimu na ghali mno. Kazi ya mkusanyaji ni kuchagua kasoro ambazo jicho linazisamehe, na kuzikataa zile ambazo kila ukiitazama sarafu ndizo unazoziona kwanza.

Mifano yetu mingi ni senti kubwa za Marekani, zilizopigwa chapa Philadelphia kuanzia 1793 hadi 1857, kila mwaka isipokuwa 1815. Shaba ya nchi nyingine hukaguliwa kwa njia ileile, lakini uzito na kipenyo chake lazima uvitafute upya.

Vifaa

Unahitaji lenzi mbili, moja ya kukuza mara 5 na nyingine mara 10. Taa iwe moja yenye mwanga wa joto, si mirija mirefu ya ofisini ambayo husambaza mwanga na kuficha mikwaruzo. Mizani isome hadi gramu 0.01, na kipimo cha kipenyo kisome hadi milimita 0.1. Ongeza sumaku ndogo, kitambaa laini cha kutandika mezani, vijiti vya meno vya mbao, na brashi laini ya msanii ambayo haijawahi kugusa rangi. Sarafu ishikwe ubavuni kwa vidole viwili, juu ya kitambaa daima. Alama ya kidole kwenye shaba yenye wekundu wake wa asili huanza kuonekana baada ya wiki chache, na ikishaingia haitoki.

Hatua ya kwanza: tazama kwa macho matupu

Hapa ndipo wengi wanapokosea mpangilio. Wanaanza na lenzi ya mara 10, na chini ya lenzi hiyo karibu kila shaba ya kale inaonekana imeharibika. Anza bila lenzi. Weka taa sentimita 30 hadi 40 juu ya meza, shika sarafu umbali wa mkono uliokunjwa nusu, itazame kwa sekunde tano kisha ifunike. Jiulize jicho lako lilikwenda wapi kwanza. Kama lilikwenda kwenye uso wa mwanamke aliyechorwa au kwenye tarehe, sarafu ina nafasi. Kama lilikwenda kwenye doa, shimo au mkwaruzo, umekwisha kuijua kasoro itakayoishusha thamani hata kama karatasi ya muuzaji haikuitaja.

Sasa iinamishe kama nyuzi 45 na uizungushe duara zima chini ya taa, polepole. Mkwaruzo mwembamba huonekana mwanga ukiupiga kwa kuukata na hupotea mwanga ukiufuata, kwa hiyo nusu duara haitoshi. Fanya hivyo pande zote mbili, kisha tazama ubavu. Ndipo uchukue lenzi ya mara 5. Ile ya mara 10 iachie maswali mahususi: je, hiki ni kitundu cha kutu au ni chembe ya uchafu? Je, tarehe imechongwa upya?

Hatua ya pili: soma rangi

Shaba mpya kutoka kiwandani ni nyekundu yenye dhahabu ndani yake. Hewa huigeuza kuwa hudhurungi kwa kutandaza oksidi ya shaba juu yake, na tabaka hilo, likiwa jembamba na imara, ndilo linaloilinda. Hudhurungi ya wastani hadi nzito iliyo sawasawa pande zote ndiyo rangi inayopendwa kwa sarafu zilizotumika. Rangi ya zeituni hafifu nayo hupendeza. Weusi si kosa lenyewe, maana ipo shaba nyeusi iliyo laini na ya kuvutia. Mara nyingi, hata hivyo, weusi huja pamoja na ukwaru, kwa hiyo ukiuona tafuta vitundu.

Sarafu iliyosafishwa kwa asidi au kwa dawa ya kung'arishia vyombo hujulikana haraka ukishaizoea. Huwa na rangi ya waridi iliyopauka, wala haina ule mng'ao unaozunguka kama miali ya gurudumu ukiigeuza. Wekundu wa asili hubaki zaidi pembezoni mwa herufi na ndani ya michoro, mahali vidole visipofika. Ukikuta sarafu iliyolika sana lakini nyekundu kila mahali, imesafishwa. Shaba haiwezi kutembea mifukoni mpaka michoro ikafutika na bado ibaki nyekundu.

Iliyopakwa rangi upya ndiyo inayowanasa hata wazoefu. Watu huisafisha sarafu, kisha huirudishia weusi kwa mchanganyiko wa salfa. Dalili zake ni tatu. Rangi huwa moja tupu, bila tofauti kati ya sehemu zilizoinuka na zilizozama, ilhali sarafu iliyotumika kiasili huwa na hudhurungi nyepesi kidogo kwenye shavu na bega. Pili, chini ya mwanga wa dirishani hutokeza zambarau au chungwa isiyo na sababu. Tatu, mikwaruzo inayoonekana mipya kwa ukali wa kingo zake ina rangi ileile ya uwanja, yaani sehemu tupu isiyo na mchoro.

Hatua ya tatu: ijue kila kasoro kwa jina lake

Tofautisha kwanza kasoro zilizozaliwa na sarafu na zile zilizoipata baadaye. Kisahani cha shaba kinaweza kuwa kilipasuka au kubanduka ngozi kabla ya kupigwa chapa. Muhuri wa kuchapia nao unaweza kuwa ulikuwa na ufa, ambao hutoka kwenye sarafu kama mstari ulioinuka. Ufa wa muhuri si dosari hata kidogo. Ni utambulisho wa aina, na baadhi ya wakusanyaji huutafuta kwa makusudi. Mpasuko wa kisahani husamehewa ukiwa ukingoni, na huumiza ukipita usoni. Kumbuka tu kanuni hii: mstari ulioinuka juu umetoka kwenye muhuri, mstari uliozama ndani ya chuma umetoka kwenye kisahani au kwenye maisha ya sarafu.

Vitundu na vishimo. Vitundu ni ukwaru mdogo uliosambaa. Vishimo ni mashimo ya kutu yenye kina. Vyote vinatokana hasa na udongo wenye chumvi au asidi. Vitundu hafifu vinavyoonekana kwa lenzi tu, vikiwa vimesambaa sawasawa, huvumilika. Kundi la vishimo sehemu moja, hasa kwenye shavu, huharibu zaidi kuliko ukwaru mwepesi wa sarafu nzima, kwa sababu jicho linavutwa pale.

Kutu ya kijani. Iko ya aina mbili, na ni lazima uzitofautishe kabla ya kununua. Ile ngumu, ya kijani kibichi iliyokolea, iliyoshikamana na chuma, imetulia na inaweza kukaa miaka mingi bila kuongezeka. Ile ya kijani iliyopauka, ya ungaunga, inayobomoka ukiigusa kwa kijiti cha meno, ni ugonjwa wa kloridi. Kloridi iliyojificha ndani ya shaba hukutana na unyevu na oksijeni, hutoa asidi, asidi hula shaba mpya na mzunguko unaendelea. Sarafu ya namna hiyo itenge na wenzake siku hiyohiyo. Kama una shaka, iache wiki mbili juu ya karatasi nyeupe ndani ya kikopo cha kioo kilichofungwa. Unga wa kijani ukidondoka, jibu umelipata.

Utando wa kijani unaonata kama gundi ni kitu kingine kabisa. Unatoka kwenye vifuko vya plastiki laini vyenye PVC, na huondoka ukiwahiwa.

Mikwaruzo na mabonyeo. Hapa mambo matatu ndiyo yanayoamua: umri, mahali na mwelekeo. Mkwaruzo wa zamani uliokwisha kupata rangi ya uwanja hauumizi macho kama mpya unaometa. Mkwaruzo ndani ya nywele hujificha kati ya mistari ya mchoro. Ule ule ukiwa kwenye shavu au shingo, au kwenye uwanja ulio wazi mbele ya uso, unapiga kelele. Upande wa kichwa unabeba uzito zaidi kuliko upande wa nyuma. Bonyeo la ukingoni ndilo la kusamehewa kuliko yote, ilimradi halijasukuma chuma hadi kwenye tarehe au herufi.

Matundu na majina yaliyochongwa. Sarafu nyingi za kale zilitobolewa ili zivaliwe. Tundu lililo wazi ni kasoro ya kweli inayosema kweli. Tundu lililozibwa ni kasoro inayojificha, na ni afadhali mno ununue lililo wazi. Ukizisoma chini ya lenzi, sehemu zilizozibwa zina duara hafifu la rangi tofauti, na mchoro hapo umechongwa kwa mkono, si kwa shinikizo la muhuri.

Uchongaji na ulainishaji. Hii ndiyo kasoro tunayoshauri uikatae bila mjadala. Mtu hukwangua uwanja ili kuondoa vishimo, au huchimba upya nywele zilizolika. Tafuta mistari midogo inayokwenda sambamba uwanjani, kijihandaki kuzunguka mguu wa herufi, na nywele zenye kingo kali kwenye sarafu ambayo shavu na bega vimelika kabisa. Uchakavu hauchagui, kama bega limekwisha, nywele za karibu nalo haziwezi kuwa mpya.

Hatua ya nne: toa makato

Mizani ya madaraja ya 1 hadi 70 inayotumika leo kwa sarafu nyingi ilizaliwa kwenye senti hizihizi. William Sheldon, mkusanyaji wa Marekani, aliitoa mwaka 1949 kama njia ya kupanga bei: sarafu ya 70 ilihesabiwa kuwa na thamani mara 70 ya ile ya daraja la 1. Bei ziliacha kufuata hesabu hiyo zamani, namba zikabaki.

Kwa shaba yenye kasoro utumie namba mbili. Kwanza pima ukali wa michoro peke yake, ukijifanya kasoro hazipo. Kisha kata. Tuseme una senti ya 1798 yenye michoro ya daraja la 20. Upande wa nyuma una vitundu hafifu kote: ishushe hadi 15. Kuna mkwaruzo wa zamani shingoni: 12. Ukingo umebonyea kidogo: hapo usiendelee kukata kwa kiwango kilekile, kwa sababu kasoro ndogo ikija baada ya kubwa haiongezi sana maumivu ya jicho. Iache 12, au 10 ukiwa mkali. Bei unayolipa ni ya 12 au 10, si ya 20. Hakuna jedwali la makato linalokubaliwa na wote, na wazoefu wawili wanaweza kupishana daraja moja kwa sarafu hiyohiyo.

Baada ya hapo, toa hukumu ya tatu, ya mvuto wenyewe. Wakusanyaji wa shaba ya kale ya Marekani, ambao chama chao cha Early American Coppers kilianzishwa 1967, hupanga sarafu za daraja moja katika makundi: teule, ya wastani, na mbovu. Sarafu mbili zenye 12 zinaweza kuwa moja teule na nyingine mbovu, na tofauti ya bei kati yake ikapita ile ya kupanda daraja zima.

Kampuni za kupima sarafu mara nyingi huifunga sarafu yenye kasoro kwenye kasha la plastiki bila namba, ikitajwa tu kiwango cha michoro na aina ya kasoro. Neno lililo kwenye kasha halikuambii kasoro ni kubwa kiasi gani. Sarafu iliyosafishwa miaka mia iliyopita na kurudiwa na rangi nzuri inaweza kupewa maneno yaleyale kama iliyosuguliwa jana, kwa hiyo tazama chuma chenyewe.

Hukumu ifuate toleo

Kipimo cha uzuri hakiwi kimoja kwa kila mwaka. Miaka ya mwanzo kiwanda cha Philadelphia kilihangaika kupata shaba nzuri, kikayeyusha hata chakavu. Visahani vilivyokuja baadaye kutoka kwa Boulton na Watt wa Birmingham, Uingereza, vilikuwa bora zaidi. Senti za 1799, ambazo ni adimu, mara nyingi hukutwa nyeusi na zenye ukwaru. Ukisubiri iliyo laini na ya hudhurungi unaweza kusubiri maisha yote. Za 1808 hadi 1814 nazo zinasifika kwa shaba laini iliyolika haraka na kugeuka nyeusi. Kwa matoleo kama haya, vitundu hafifu ni hali ya kawaida na makato yawe madogo.

Kinyume chake, za 1816 hadi 1820 zipo nyingi ambazo hazikutumika kabisa, kwa sababu kasha zima la senti hizo, linalojulikana kama hazina ya Randall, liligunduliwa karne ya 19. Hakuna sababu ya kuvumilia senti ya 1818 au 1820 yenye kutu. Za miaka ya 1840 na 1850 ndiyo kabisa: zipo kwa wingi, kwa hiyo kuwa mchaguzi.

Mpango mzuri wa kuanzia ni kuchukua moja ya kila muundo kati ya sita: nywele zilizotawanyika za 1793, kofia ya uhuru ya 1793 hadi 1796, kifua kilichovikwa nguo cha 1796 hadi 1807, kichwa cha 1808 hadi 1814, kile cha kuanzia 1816, na nywele za kusuka za 1839 hadi 1857. Anza na wa mwisho urudi nyuma, ili ukifika 1793 jicho liwe limefundishwa na sarafu za bei nafuu. Senti za 1793 zenye mnyororo upande wa nyuma zilipigwa 36,103 tu, na kwa watu wengi yenye kasoro ndiyo pekee wanayoweza kuimudu.

Bandia na zilizobadilishwa tarehe

Pima uzito kabla ya kulipa. Senti za 1793 hadi 1795 zilitakiwa kuwa gramu 13.48, mwishoni mwa 1795 uzito ukashushwa hadi gramu 10.89, na senti za mwaka huo zipo za uzito wa aina zote mbili. Nusu senti za uzito mpya ni gramu 5.44. Uchakavu na kutu hupunguza kidogo, lakini sarafu yenye michoro mikali iliyopungua gramu nzima ina maelezo ya kutoa. Ikivutwa na sumaku, iache. Angalia ubavu kwa lenzi: mstari unaozunguka sarafu yote katikati unaonyesha maganda mawili yaliyounganishwa.

Tarehe mbili huchongwa kuliko zote: 1799, inayotengenezwa kutoka 1798, na 1804. Kwa 1804 kuna kipimo rahisi. Kwenye sarafu halali, 0 ya tarehe iko sambamba na herufi O ya neno OF upande wa pili. Kuna pia ile iliyopigwa baadaye kwa mihuri iliyotupwa, upande wa nyuma ukiwa wa muhuri wa 1820. Ni kitu cha kukusanywa chenyewe, lakini si senti ya 1804.

Kusafisha: ni kipi kinaruhusiwa

Uchafu unaweza kuondolewa; rangi isiguswe. Siki, limau, dawa ya meno, soda na brashi ya waya ni mwiko, kwa kuwa vyote vinakula au kukwangua lile tabaka la hudhurungi linalolinda shaba.

Kwa mafuta na utando wa PVC tumia asetoni safi ya maabara, si ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato. Iweke kwenye bakuli la kioo, kwani huyeyusha aina nyingi za plastiki, na glavu nyembamba za nitrili hazidumu ndani yake. Fungua madirisha, weka moto mbali. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, kisha ihamishie bakuli la pili lenye asetoni mpya kwa dakika moja. Ukiruka bakuli la pili, uchafu ulioyeyuka utakauka juu ya sarafu kama ukungu. Iache ikauke yenyewe, usiifute.

Kwa udongo, loweka kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke, ya bomba yana klorini. Badilisha maji kila baada ya saa chache, kisha maliza na asetoni ili maji yote yatoke. Tonge lililolainika lisukume kwa kijiti cha mbao, kikilala sambamba na uso. Chini ya tonge gumu la kutu ya kijani mara nyingi pana shimo lenye chuma cha rangi tofauti. Kama kutu imetulia na haijakaa kwenye uso wa mwanamke aliyechorwa, iache.

Mwisho, wengi hupitisha brashi laini yenye dalili tu ya mafuta ya madini. Chovya ncha, ifute kwenye kitambaa hadi ionekane kavu, kisha piga mara chache kwa wepesi wa unyoya. Mafuta ya zeituni yaache jikoni, yana asidi.

Kuhifadhi na kuandika

Tumia vifuko vya pamba ndani ya bahasha za karatasi zisizo na asidi wala salfa, au vifuko vya mailari, plastiki isiyo na PVC. Mipira ya kufungia, sufu na makabati ya mwaloni hutoa mvuke unaoidhuru shaba. Weka pakiti za silika na kipimo cha unyevu ndani ya sanduku, na lenga chini ya asilimia 40. Kagua kila miezi mitatu ukitafuta kijani kipya.

Kwenye bahasha andika mwaka, aina ya muhuri, uzito, daraja la michoro, daraja baada ya makato, na kila kasoro na mahali ilipo. Mahali pataje kwa namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa, 12 ikiwa juu: "bonyeo ukingoni, 4". Usitumie saa tunazozitaja kwa mdomo, maana mnunuzi wa mbali akisoma "saa kumi" atatafuta bonyeo lako upande usiokuwepo.